Midway, 1942: Ushindi Ambao Haukuwa wa Dakika Tano

Ukimuuliza mpenzi wa historia ya vita jinsi Marekani ilivyoishinda Japani katika vita vya majini vya Midway, Bahari ya Pasifiki, tarehe 4 Juni 1942, mara nyingi atakutajia dakika tano. Atakwambia kwamba sitaha za manowari tatu za Japani za kubeba ndege zilikuwa zimejaa ndege zenye mafuta na mabomu, injini zinanguruma, zimebakiza dakika tano tu ziruke zikaimalize Marekani. Ghafla ndege za Kimarekani zikachomoza mawinguni na mambo yakageuka. Simulizi hii ni tamu, na imerudiwa kwa miaka mingi. Lakini sehemu yake kubwa si kweli, na inawadhulumu watu. Inawafuta wale waliouleta ushindi huo kwa kazi ya miezi na kwa asubuhi nzima ya mauaji, wakiwemo marubani waliokufa bila bomu wala topido yao hata moja kugusa meli ya adui.

Tuanze na jinsi Japani ilivyofika huko. Baada ya kuipiga Pearl Harbor, kambi ya majini ya Marekani huko Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941 na kuua Wamarekani 2,403, Japani ilishinda karibu kila mahali ilipokwenda kwa muda wa miezi sita. Nguvu yake kubwa ilikuwa kundi la manowari za kubeba ndege chini ya Admirali Nagumo Chuichi. Mwezi Aprili 1942 kundi hilo liliingia Bahari ya Hindi, likaipiga Colombo na Trincomalee, likaizamisha manowari ya Uingereza ya kubeba ndege, Hermes. Waingereza wakarudisha nyuma kambi ya meli zao hadi Kilindini, na wataalamu wao wa kusoma simu za siri za Wajapani wakapewa majengo ya shule ya Allidina Visram, hapo hapo Mombasa. Ni jambo ambalo wengi waliozaliwa pwani hawajawahi kusimuliwa: manowari tatu kati ya nne zilizokwenda Midway, yaani Akagi, Soryu na Hiryu, ndizo zilizowasukuma Waingereza hadi bandarini kwetu majuma machache tu kabla.

Tarehe 18 Aprili ndege 16 za Kimarekani, zikiongozwa na James Doolittle, ziliruka kutoka manowari ya Hornet zikaangusha mabomu Tokyo. Hasara ilikuwa ndogo, aibu ilikuwa kubwa. Admirali Yamamoto Isoroku, aliyekuwa ameipanga Pearl Harbor, alikwisha kusema kwamba manowari za Marekani za kubeba ndege, ambazo hazikuwepo bandarini siku ile, lazima zitafutwe na kuzamishwa. Sasa hakuna aliyembishia. Chambo kingekuwa Midway, visiwa viwili vidogo ndani ya mzingo wa matumbawe, yapata kilomita 2,100 kaskazini-magharibi ya Honolulu. Japani ingeviteka, Wamarekani wangetoka Pearl Harbor kwa pupa kuja kuviokoa, nao wangekuta mtego umekwisha kutegwa.

Mpango wote ulisimama juu ya dhana moja, kwamba adui hajui kitu. Na adui alikuwa anajua.

Chini ya ardhi, katika chumba kisicho na dirisha kwenye kambi ya Pearl Harbor, lilikuwepo kundi la wataalamu wa simu za siri likiongozwa na Joseph Rochefort. Mfumo mkuu wa siri wa jeshi la majini la Japani ulikuwa na tabaka mbili. Kwanza kulikuwa na kitabu chenye makumi ya maelfu ya maneno, kila neno likiwa na namba yake ya tarakimu tano. Kisha juu ya kila namba iliongezwa namba nyingine iliyotolewa katika kitabu cha pili, ili neno lile lile lisionekane mara mbili kwa sura ile ile. Kuivunja kazi hiyo kulihitaji kuhesabu, kulinganisha na kukisia maelfu ya mara, na mashine za kadi za kutobolewa zilizosaidia kuhesabu zilihitaji watu wa kuzilisha usiku na mchana. Baadhi ya watu hao walikuwa wapiga muziki wa bendi ya manowari California, iliyokuwa imezamishwa Pearl Harbor. Meli yao haikuwepo tena, wakapewa kadi.

Hawakuwa wakisoma kila kitu. Katika simu nyingi waliambulia vipande tu, na hili linafaa kusisitizwa, kwa sababu watu hudhani kuvunja siri ni sawa na kufungua barua na kuisoma yote. Walijua shambulio kubwa linakuja, walijua shabaha yake inaitwa AF, na Rochefort aliamini AF ni Midway. Wakubwa wa Washington hawakukubaliana naye. Ndipo Jasper Holmes, mmoja wa watu wake, akatoa wazo rahisi. Midway iliunganishwa na Hawaii kwa waya uliopita chini ya bahari, ambao Wajapani hawakuweza kuusikiliza. Kwa waya huo Midway iliagizwa itangaze redioni, bila kificho chochote, kwamba mtambo wake wa kusafisha maji ya chumvi umeharibika. Muda mfupi baadaye ikanaswa simu ya Kijapani ikiarifu kwamba AF ina upungufu wa maji ya kunywa. Ubishi ukaisha.

Admirali Chester Nimitz, mkuu wa majini katika Pasifiki, akaamua kuweka karibu kila alichokuwa nacho kwenye neno la Rochefort. Ofisa wake wa upelelezi, Edwin Layton, alibanwa atoe utabiri kamili: Wajapani wataonekana saa 12 asubuhi, umbali wa maili 175, upande wa kaskazini-magharibi, nyuzi 325. Walipoonekana, Nimitz alimwambia kwamba alikosea kwa dakika tano, nyuzi tano na maili tano.

Lakini kujua kulihitaji meli za kupigania. Nimitz alikuwa na manowari mbili nzima za kubeba ndege, Enterprise na Hornet. Ya tatu, Yorktown, ilitoka kwenye mapigano ya Bahari ya Matumbawe mwanzoni mwa Mei ikiwa imepigwa bomu lililopenya hadi ndani kabisa, na makadirio ya matengenezo yalifika miezi mitatu. Ilifika Pearl Harbor tarehe 27 Mei. Kesho yake iliingizwa gudini, na Nimitz mwenyewe akavaa mabuti ya mpira akaenda kuikagua chini huku maji ya gudi hayajakauka. Aliwaambia mafundi anaihitaji kwa siku tatu. Watu wapatao 1,400 wakaingia kazini, wakaziba, wakachomelea, wakakaza kwa mbao pale ambapo chuma kisingewahi. Tarehe 30 Mei Yorktown ikaondoka kwenda vitani. Upande wa pili, Japani ilikuwa na manowari mbili zilizopigana vita vile vile: Shokaku iliumia, na Zuikaku ilipoteza ndege na marubani wengi. Zote mbili zikaachwa nyumbani. Laiti ndege za Shokaku zilizobaki zingepakiwa Zuikaku, Nagumo angekuwa na manowari tano. Hakuna aliyeona haja. Kwangu mimi, ushindi wa mmoja na kushindwa kwa mwingine pale Midway vilianza hapo, gudini.

Sasa tuje asubuhi yenyewe. Saa 10:30 alfajiri Nagumo alirusha ndege 108 kwenda kukipiga kisiwa. Nusu nyingine ya ndege zake alizibakiza, zikiandaliwa kwa ajili ya meli za adui endapo zingetokea. Saa 1 asubuhi kiongozi wa shambulio, Tomonaga, akapiga simu kwamba kisiwa hakijalemaa, kinahitaji pigo la pili. Saa 1:15 Nagumo akaamuru ndege za akiba zibadilishwe silaha: topido zitolewe, mabomu ya nchi kavu yafungwe. Saa 1:28 ndege yake ya doria, iliyochelewa kuruka kwa nusu saa, ikaarifu kuona meli kumi za adui bila kusema ni za aina gani. Akasimamisha ubadilishaji. Saa 2:20 doria ile ile ikaongeza kwamba kati yake kuna kinachofanana na manowari ya kubeba ndege.

Hapa ndipo kisa chote kinapotegemea jambo la kiufundi ambalo simulizi ya dakika tano inaliruka. Manowari za Japani ziliandaa ndege chini, katika mabanda yaliyofungwa pande zote. Zikiwa tayari zilipandishwa kwa lifti, moja moja, zikapangwa upande wa tezi wa sitaha, injini zikawashwa hadi zipate moto. Kwa wimbi zima la mashambulizi, kazi hiyo ilichukua kama dakika 45. Na muda wote huo hakuna ndege iliyoweza kutua, maana mahali pa kutulia ndipo palipojaa. Nagumo alikuwa na wimbi la Tomonaga linalorudi, mafuta yameisha, baadhi ya ndege zimetobolewa risasi. Akirusha kwanza, hao wataanguka baharini. Akawapokea kwanza. Wengi wamemlaumu, ila mimi naona uamuzi wake ulikuwa wa busara kwa alichokijua. Kupokea kulimalizika karibu saa 3:20, na kuanzia hapo alihitaji dakika 45 za utulivu.

Hakuzipata. Ndege kutoka kisiwani zilikuwa zimekwisha kumshambulia tangu saa 1, kundi baada ya kundi, na hakuna hata moja iliyopiga meli. Kila shambulio liliwalazimisha Wajapani kukata kona kali, na kila shambulio liliwafanya warushe ndege zaidi za ulinzi, Zero. Zero ilikuwa hatari, lakini kila mzinga wake wa milimita 20 ulibeba risasi 60 tu. Zikiisha, rubani alitua, akajazwa, akaruka tena. Kwa hiyo sitaha zilikuwa na shughuli bila kukoma, na shughuli hiyo haikuwa ya kupanga wimbi la mashambulizi.

Karibu saa 3:20, kabla hata pumzi haijashushwa, akaja John Waldron. Alikuwa kiongozi wa ndege 15 za topido kutoka Hornet. Mkuu wa ndege za Hornet alikuwa ameliongoza kundi lote kuelekea magharibi. Waldron aliamini njia ile si yenyewe, akabishana naye redioni, kisha akageuka na watu wake peke yao. Alikuwa sahihi. Wale wengine hawakumwona adui asubuhi ile. Yeye alikwenda moja kwa moja hadi kwa Nagumo, bila ndege hata moja ya kumlinda, katika ndege za kizamani zilizolazimika kwenda polepole na chini ili topido lisivunjike kwenye maji. Zote 15 ziliangushwa. Kati ya watu 30, alinusurika mmoja, George Gay, aliyebaki akielea baharini akishuhudia yaliyofuata.

Baada yake zikaja ndege 14 za Enterprise, kisha 12 za Yorktown. Jumla ya ndege za topido zilizoruka kutoka manowari tatu ilikuwa 41, zaidi ya 30 hazikurudi, na hakuna topido lililopata shabaha.

Vitabu vingi vinaeleza kwamba mashujaa hawa waliwavuta walinzi chini, usawa wa bahari, ndiyo maana ndege za mabomu zilipofika hazikukuta mtu juu. Maelezo hayo ni ya kweli nusu. Zero ilipanda upesi mno, na kati ya kufa kwa Waldron na kufika kwa mabomu ilipita karibu saa nzima. Alichonunua Waldron kwa damu yake ni muda. Aliziba dirisha ambalo Nagumo angelitumia kupandisha ndege. Kundi la tatu, lile la Yorktown, ndilo lililovuta walinzi hasa, upande wa kusini-mashariki, na lilikuwa bado linachinjwa wakati ndege za mabomu zilipofika juu. Manowari za Nagumo hazikuwa na rada, walitegemea macho, na macho yote yalikuwa yanatazama upande mmoja.

Ndege za mabomu za Enterprise, za aina ya Dauntless, ziliongozwa na Wade McClusky. Alifika mahali alipoambiwa amkute adui, akakuta maji matupu. Mafuta yalikuwa yanakwisha. Akaamua kuendelea kutafuta, akageuka kuelekea kaskazini, na karibu saa 4 asubuhi akaona mkondo mweupe wa meli moja ikikimbia kwa kasi peke yake. Ilikuwa Arashi, manowari ndogo ya Kijapani iliyobaki nyuma kuiandama nyambizi ya Kimarekani, Nautilus, na sasa ilikuwa inawahi kurudi kundini. McClusky akaifuata inakoelekea. Kwa hiyo hata Nautilus, ambayo topido zake hazikufaa kitu asubuhi ile, imo katika mnyororo huu.

Saa 4:22 wakaanza kushuka. Kukatokea mkanganyiko: makundi yote mawili ya McClusky, karibu ndege 30, yakaiangukia manowari moja, Kaga. Richard Best aliona kosa hilo akiwa amekwisha kujiandaa kushuka, akajiondoa na wenzake wawili tu, wakaielekea Akagi. Bomu moja la kilo 450 liliipata karibu na lifti ya katikati, likapasukia ndani ya banda lililojaa ndege za topido. Moja tu, na Akagi ilikwisha. Dakika hizo hizo ndege za Yorktown, zilizokuja kwa njia yao wenyewe, zikaipiga Soryu mabomu matatu. Kaga ilipata manne au zaidi. Best aliruka tena alasiri ile kwenda kuishambulia Hiryu, kisha akaanza kukohoa damu, na hakurusha ndege tena maisha yake yote.

Dakika tano za mabomu, basi, zilikuwepo. Dakika tano za kuruka hazikuwepo kabisa. Ndege za mashambulizi za Nagumo zilikuwa chini mabandani, na sitahani kulikuwa na Zero chache za ulinzi. Na kwa hakika hilo ndilo lililozidisha maafa. Bomu likilipukia ndege zilizo sitahani, moto unaonekana, upepo unaupeperusha, mabaki yanasukumiwa baharini. Likilipukia katika banda lililofungwa, lenye mabomu yaliyorundikwa pembeni kwa sababu hapakuwa na wakati wa kuyarudisha ghalani, hakuna pa kukimbilia.

Linganisha na Yorktown. Hiryu, manowari pekee ya Japani iliyobaki, ilijibu mara moja chini ya Admirali Yamaguchi Tamon. Kabla mabomu hayajafika, mafundi wa Yorktown walikuwa wamekwisha kuyaondoa mafuta ya ndege kwenye mabomba na kuyajaza gesi isiyowaka. Mabomu matatu yaliipata mchana, meli ikasimama, moshi ukatanda. Baada ya muda si mrefu moto ulikuwa umezimwa na Yorktown inakwenda tena. Wimbi la pili la Hiryu lilipofika alasiri liliikuta meli isiyo na moshi, inayokimbia, wakaamini ni nyingine, wakaipiga topido mbili. Yamaguchi akadhani amezilemaza manowari mbili, kumbe ni moja aliyoipiga mara mbili. Saa 11 jioni Hiryu nayo ikapigwa mabomu manne, na Yamaguchi akazama nayo. Yorktown ilitelekezwa, ikaelea, watu wakarudi kuiokoa, hadi nyambizi I-168 ilipoipata tarehe 6 na kuizamisha pamoja na Hammann, manowari ndogo iliyokuwa ubavuni mwake. Ilizama asubuhi ya tarehe 7.

Japani ilipoteza manowari nne za kubeba ndege, manowari kubwa Mikuma, na watu 3,057. Marekani ilipoteza Yorktown, Hammann, ndege zipatazo 150 na watu 307.

Upotoshaji ulianza mara moja. Siri ya Rochefort isingeweza kutajwa, na marubani wa ndege kubwa za B-17 za jeshi la nchi kavu walifika Honolulu mapema wakidai wao ndio waliozamisha meli, magazeti yakawasifu. Hawakuwa wamepiga meli hata moja. Baadaye, katika miaka ya 1950, ikaja simulizi ya dakika tano, ya Fuchida Mitsuo. Huyu aliongoza ndege za Pearl Harbor, na siku ya Midway alikuwa ndani ya Akagi akiuguza jeraha la upasuaji wa kidole tumbo. Nani angembishia? Lakini kumbukumbu za manowari hizo zinaonyesha Zero zikitua na kuruka hadi dakika chache kabla ya mabomu, jambo lisilowezekana kama sitaha ingekuwa imejaa. Picha zilizopigwa na B-17 zile zile karibu saa 2 zinaonyesha sitaha tupu. Watafiti wa Kijapani waliikataa simulizi hiyo mapema kuliko wenzao wa Marekani. Naona ilidumu kwa sababu iliwafariji wote wawili: aliyeshindwa alishindwa kwa bahati mbaya ya dakika tano, na aliyeshinda alishinda kwa muujiza.

Upo pia usemi kwamba marubani bora wa Japani walikwisha pale. Waliokufa ni kama 110, idadi kubwa wakiwa wa Hiryu, na wengi waliookolewa walipigana tena. Iliyowamaliza ni miezi ya vita vya kisiwa cha Guadalcanal, kuanzia Agosti 1942. Hasara iliyouma zaidi Midway ilikuwa ya meli zenyewe na ya mamia ya mafundi wa ndege walioungua mabandani, watu waliochukua miaka kufundishwa.

Nimitz alipendekeza Rochefort apewe nishani. Washington ikakataa, na kabla mwaka haujaisha akaondolewa Pearl Harbor. Alifariki mwaka 1976. Nishani ilitolewa mwaka 1986, ikapokelewa na watoto wake.